Tunja Haizikwi

11 Mei

Sasa hivi Zorka amebandika sikio kwenye tangi la pikipiki, akaweka kidole mdomoni kunikataza nisiseme, akaninong'oneza, "Mama, nyamaza. Baba anakoroma."

Nilimshika mkono tukatoka bandani. Uani jua lilikuwa kali, kuku wanachakura, kila kitu kama kawaida. Nikamuuliza amesikia nini hasa. "Krrr," akasema, "halafu tuk." Halafu akakimbilia kuku. Ana miaka mitatu na nusu. Baba yake anatimiza mwaka kaburini mwezi ujao.

Naandika humu kwa sababu daftari jingine sina. Hili ni la pikipiki yenyewe. Kila Tunja, ndilo jina la aina hii, ina daftari lake ndani ya kisanduku cha spana, na mwenyewe huandika humo mafuta, safari na maradhi yake, kama kadi ya kliniki ya mtoto. Lyuben, mume wangu, aliandika kuanzia mbele. Mimi nimeligeuza, naanzia nyuma. Kurasa zake sijazifungua. Shule niliacha darasa la nane, basi mwandiko wangu usichekwe.

Jambo linaloniumiza ni hili. Mama mkwe ameagiza Gancho wa vyuma chakavu aje tarehe 14 Juni, waridi likiisha, siku moja kabla ya mwaka wa Lyuben. Amesema, "Mwaka wa mwanangu hautalikuta shetani lile uani kwangu." Mimi sitaki iende. Na mimi ndiye niliyekuwa naichukia kuliko watu wote.

13 Mei

Tumeanza kuchuma waridi. Saa kumi na moja alfajiri tuko shambani, umande mpaka magotini. Kilo kumi na nne. Vidole vimechomwa vyote.

14 Mei

Mvua. Waridi lililolowa halina mafuta, kiwandani wanalipima kwa pua na kukunja uso. Tumerudi nyumbani saa mbili.

Nimekaa bandani na pikipiki huku Mama mkwe akiwa kanisani. Niieleze, maana siku ikiondoka nitataka kukumbuka. Ni ya kijani ya chura. Ilitengenezwa kwenye kiwanda kidogo kando ya mto Tunja, mto ndio ulioipa jina, na kiwanda kilifungwa kabla sijazaliwa. Gia zake unabadilisha kwa mkono, mti wake uko kando ya tangi, kama mtu anayekoroga sufuria. Kiki iko upande ambao pikipiki nyingine hazina. Ubavuni imefungwa kigari cha mtu mmoja, chenye pua kama ya mtumbwi. Spea hakuna duka linalouza. Watu walimcheka Lyuben. "Kwa pesa hiyo ungepata ya Kijapani, inawaka kwa kubonyeza!" Yeye akawajibu, "Ya Kijapani inawakia mtu yeyote."

Nilidhani ni maringo. Ilichukua Jumapili zake zote. Akiingia ndani ananuka petroli, ananishika kiuno, namsukuma. Mungu anisamehe, namsukuma.

Picha yake kwenye karatasi ya msiba bado iko getini. Mvua imefuta jicho moja.

15 Mei

Kilo kumi na tisa. Zorka ameacha nusu ya mkate wake ndani ya kigari. "Wa nani?" "Wa Baba." Nimeuacha, nikaona haya kuutoa.

16 Mei

Mkate haupo. Najua ni kalunguyeye. Tunaye chini ya kuni, nimemwona kwa macho yangu. Lakini nilisimama pale muda mrefu.

17 Mei

Amekuja Mzee Minko kwa Tunja yake nyekundu. Ni fundi wa meno ya bandia aliyestaafu, huko mjini Karlovo, mtu mfupi mwenye sauti ya shangazi. Yeye ndiye aliyeinyosha pikipiki yetu baada ya ajali, akairudisha bandani bila kuulizwa na mtu. Mama alipoisikia tu getini akaingia ndani akafunga madirisha.

"Binti," akaniambia, "nimesikia habari za Gancho. Kweli?"

"Kweli, Mzee Minko."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mkwe humu ndani. Nitasemaje?"

Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaguna. "Basi nikuambie unachokiuza. Mtu akinunua pikipiki nyingine amepata pikipiki. Akinunua Tunja amepata ndugu sitini na ugonjwa mmoja." Akaanza kunionyesha kwa kidole, taratibu, kama daktari. "Klachi hii ni ya Petko wa Sopot. Alifariki kwa moyo, tukagawana yake. Taa ilikuwa ya padri. Pistoni niliisubu mimi kwa chungu changu cha kuyeyushia madini ya meno, nilipoimaliza nikajikuta naiambia ifumbue mdomo. Mpini huu wa breki ulikuwa wa mwanamke, Radka, aliendesha mpaka miaka sabini na nne. Unaona? Hakuna kiwanda tena. Akiondoka mmoja wetu, yake inaingia kwenye zetu. Tunja haizikwi, binti. Ukimpa Gancho hujampa chuma. Umempa watu."

Sikuipenda habari ile, nikaipenda. Lyuben hakuwahi kuniambia. Au aliniambia nikiwa namsukuma.

Akanieleza na desturi yao. Mwaka wa marehemu ukitimia, ndugu wa Tunja wanakuja na mashine zao. Daftari la marehemu linasomwa kwa sauti, kurasa za mwaka wake wa mwisho, mpaka neno la mwisho. Kisha mtu wa nyumbani anapiga kiki. Ikiwaka inabaki. Ikikataa, wanaigawana.

"Nani atapiga kiki hapa?" nikamuuliza. "Zorka?"

"Wewe una miguu mingapi?"

18 Mei

Kilo ishirini na moja. Mama hakuniuliza Mzee Minko alitaka nini. Amesugua mahali aliposimamisha pikipiki yake, kwa maji na majivu.

19 Mei

Mvua.

20 Mei

Mvua. Banda linavuja upande mmoja. Niliweka mkono kwenye tangi asubuhi nikalikuta vuguvugu. Jua halijatoka siku mbili.

21 Mei

Leo shambani, kabla ya kucha vizuri, nimeisikia. Tunja ina mlio wake, haufanani: inagonga mara mbili, inasita, inagonga tena, kama mtu mlangoni anayeogopa kuamsha watoto. Ilitoka upande wa barabara ya mlimani. Nikanyoosha mgongo na aproni imejaa maua.

"Unasikiliza nini?" akauliza jirani yangu wa mstari.

"Pikipiki."

"Ni boila la kiwandani, mwanangu. Kila mwaka linagonga hivyo."

Mama alikuwa mistari miwili mbele yangu. Naye alikuwa amenyoosha mgongo. Aliangalia barabara, halafu aliinama haraka, akachuma kama anayempiga mtu.

22 Mei

Nimeamka na neno kooni na leo nitaliandika, maana hakuna anayesoma humu zaidi yangu.

Kwetu mtu akienda safari, wa nyumbani anamwaga maji mbele ya geti ili safari iende kama maji. Hata mtoto akienda mtihani anamwagiwa. Tarehe 15 Juni mwaka jana Lyuben alikuwa anakwenda kwenye mkutano wao, ng'ambo ya mlima. Alitaka kumchukua Zorka ndani ya kigari. Alikuwa amemshonea mto. Nikasema, mwanangu haingii kwenye jeneza lile la kijani. Ndivyo nilivyosema, kwa neno hilo. Akacheka, akaona sicheki, akanyamaza. Akatoka peke yake. Alikaa kidogo getini, mashine ikinguruma, akiniangalia. Maji yalikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Nikageuka nikaingia ndani na mtoto.

Alianguka mlimani, kwenye kona ya kulia, mvua ya manyunyu. Kigari hakikupata hata mkwaruzo.

Jioni ile nyumba ilijaa wanawake. Mama alikaa kwenye kochi, hajalia bado, akaniuliza mbele ya wote, "Ulimmwagia maji?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Kwa ile ndoo ya shaba. Yote."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi ni chuma kile. Mkwe wangu alimwaga, safari ilikuwa safi. Ni chuma kile kilichomla." Na tangu siku hiyo ndivyo anavyomwambia kila mtu, kisimani, dukani, kanisani. Maji yalimwagwa, basi ni shetani.

Pikipiki inakwenda kukatwa vipande kwa uongo wangu. Nikisema kweli, inabaki, na mimi sijui nitabaki wapi. Nyumba ni ya Mama. Kwetu hakuna kwa kurudi, kaka yangu na mkewe wana watoto watano katika vyumba viwili.

24 Mei

Kilo ishirini na sita. Mchana, Mama akiwa amelala, nimejaribu kiki mara ya kwanza. Imenirudishia, ikanichapa muundi. Nimevimba kama boga. Nimemwambia Mama nimejigonga kwenye ngazi. Mwongo haachi.

25 Mei

Mzee Minko amepita, safari hii kwa baiskeli, ili Mama asisikie. Ameniangalia muundi akafurahi. "Hongera. Sote tunao uvimbe huo."

Alinifundisha. Kuna kibonyezo kidogo kwenye kabureta. Unabonyeza mpaka petroli ikulowanishe kidole. Halafu unasukuma kiki polepole mpaka uhisi inagoma, kama mtoto anayekataa uji. Hapo ndipo unashusha uzito wako wote mara moja. "Na usiwe na shaka. Ikisikia shaka, inapiga." Leo hatukuiwasha, Mama asije akaamka. Tulikuwa tunasukumasukuma tu, kavu. Zorka alikuwa amekaa chini anatazama kila kitu, kama karani.

Nilimuuliza, "Mzee Minko, mnaipendea nini? Kweli kabisa." Alifikiri. "Kila kitu kingine duniani kinakwenda na mimi au bila mimi. Basi linakwenda. Serikali inakwenda. Hii bila mimi haiendi. Na mimi bila yule aliyenitengenezea gasketi siendi. Unajua raha ya kuwa na kitu ambacho ukikwama nacho barabarani, mtu atatoka mji wa tatu usiku wa manane kukuletea kijiti cha waya?" Akavua miwani akaifuta. "Mumeo aliwahi kuniletea. Theluji mpaka hapa."

Halafu alisema jambo jingine, kama anazungumza na ukuta. "Mwenye kigari kitupu lazima apakie mfuko wa mchanga. Ndiyo sheria ya kwanza. Kona ya kulia, kigari kikiwa chepesi kinanyanyuka. Lyuben alilijua hilo kuliko mimi."

Alipoondoka nilifunga mlango wa banda. Nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi huonekani, kuna mfuko wa mchanga, umefungwa kamba vizuri. Buibui ameushonea utando.

26 Mei

Sikuweza kuchuma vizuri. Kilo tisa.

27 Mei

Nilisema mtoto asiende, ndiyo maana kigari kilikuwa kitupu. Aliutoa mchanga ili Zorka akae. Nafikiri hilo tu, mstari hadi mstari, waridi hadi waridi.

28 Mei

Nimefungua kurasa zake. Sikustahimili tena. Nilianzia mwisho. Nilitaka kujua.

Maandishi yake yamelala upande kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Ameandika akiwa Karlovo, alipotia mafuta. Nanakili:

"15 Juni. Manyunyu. Lita sita. Donka amenuna, maji hakumwaga, sawa tu, ana haki, ni mtoto wake. Mchanga nimeusahau nyuma ya mlango kwa haraka. Nitapita mlimani taratibu. Nikirudi nitampakia Donka kwanza, kabla ya mtoto, nimzungushe mpaka mtoni, aone."

Basi aliona kwamba sikumwaga. Mwaka mzima nilijifariji kwamba labda hakuona.

Na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka kupanda. Kumbe alikuwa anakuja kuniuliza.

29 Mei

Kilo ishirini na mbili. Sijui nimechuma vipi.

31 Mei

Mawe. Mvua ya mawe kubwa kama mayai ya njiwa, dakika kumi, shamba la chini lote limelala. Tulikimbilia bandani, ndipo palikuwa karibu: mimi, Zorka na Mama. Mama hajaingia humo tangu mwaka jana. Alisimama mlangoni kwa mgongo, anaangalia mawe, hataki kugeuka. Zorka akapanda ndani ya kigari akakaa upande mmoja tu, akabana miguu.

"Mbona umejibana hivyo, we mtoto?" akauliza Mama, bado hajageuka. Amejuaje kwamba amejibana?

"Nampa Baba nafasi."

Mama akatoka. Akatembea chini ya mawe yale mpaka nyumbani, polepole, kichwa wazi. Amepasuka juu ya sikio. Nilimsafisha kwa rakia, pombe yetu kali ya matunda, hata hakukunja uso. Siku zote nilimwona mwanamke mgumu. Leo nikimshika kichwa kile niliona ngozi ya utosi wake, nyeupe, kama ya mtoto mchanga.

3 Juni

Nilishika ukurasa ule nikauinua. Ungechanika bila sauti. Halafu hata pikipiki ikibaki, siku ya kusoma hakuna ambaye angejua kuhusu maji wala kuhusu mchanga. Jina langu safi, jina lake safi. Maana si mimi tu nitakayeaibika. Ndugu zake watasikia kwamba Lyuben, mtu wa sheria ya kwanza, alisahau mfuko.

Nimeuacha. Ni maneno yake ya mwisho na jina langu limo mara mbili.

5 Juni

Kilo kumi na moja. Waridi limeanza kuchoka.

6 Juni

Gancho amepita kuangalia mzigo wake. Ametembea akiizunguka huku anaipiga teke magurudumu. "Hii naikata hapahapa, mama, haiingii kwenye lori ikiwa nzima. Kigari kwanza." Mama akasema, "Kata." Lakini alipoondoka, Mama alibaki ameshika geti, vidole vyeupe.

8 Juni

Nimesema.

Tulikuwa jikoni tunachambua ngano ya kupika na kugawa siku ya mwaka wa Lyuben. Punje moja moja, mawe huku, ngano huku. Mvua nje. Sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mama. Maji sikumwaga."

Mikono yake ilisimama.

"Nilikuwa na hasira. Nilimnyima mtoto na nikamnyima maji. Nikakudanganya mbele ya watu. Si pikipiki, Mama. Ukitaka niondoke nitaondoka, lakini Gancho asiikate kwa ajili ya uongo wangu."

Hakuniangalia. Aliangalia ngano. Kisha akasema, "Mwaka mzima nimetukana chuma." Akainuka, akafuta mikono kwa aproni, akaenda chumbani kwake. Alipopita alimchukua Zorka kutoka kwenye mkeka, akafunga mlango.

9 Juni

Hasemi.

10 Juni

Hasemi. Zorka amelala kwake tena. Nimepanga nguo zangu kwenye sanduku, kisha nimezipangua.

11 Juni

Siku ya mwisho ya kuchuma. Kilo nne. Wanawake waliimba wakirudi, mimi na Mama tulitembea nyuma, yeye ukingo huu wa barabara, mimi ule. Pale njia ya mlimani inapokutana na yetu, ule mlio ulikuja tena. Kiwanda leo hakijawasha boila. Sote wawili tulisimama. Tulisimama mpaka ukaisha.

13 Juni

Kesho.

14 Juni

Gancho amekuja saa tatu na mitungi yake ya gesi ya kukatia. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa banda, sijui nilidhani nitafanya nini, na mwiko mkononi. Mama akatoka amevaa nyeusi zake za kanisani. Alikwenda mpaka getini.

"Rudi."

"Mama Vasilka, tulikubaliana. Nimelipia gesi."

"Nimekuambia rudi. Hapa hakuna chuma chakavu."

"Sasa kile cha kijani ni nini, jogoo?"

"Cha kijani ni mali ya mwanangu. Na ukiniletea mdomo, nitamwambia mkeo ulikokuwa siku ya Pasaka."

Lori limegeuka. Mama akapita mbele yangu bila kuniangalia. "Na wewe na mwiko huo," akasema, "ngano inaungua."

15 Juni

Usiku huu sitalala, basi niandike yote.

Ndugu wa Tunja walikuja saba, Mzee Minko akiwamo. Tulizisikia toka bonde la pili. Saba kwa pamoja si mlio tena, ni kama nyumba nzima inagonga mlango. Mbwa wa kijiji walinyamaza. Kuku waliingia bandani wenyewe. Wanaume sita na mwanamke mmoja mrefu wa Gabrovo, wote na mavumbi, wote wanachechemea kidogo mguu ule ule wa kiki.

Makaburini tuligawa ngano na sukari na lozi, tukalimwagia kaburi divai, padri akasoma. Karatasi mpya imebandikwa getini, sasa ana macho mawili. Kisha tukakaa uani, majirani wote wamejaa, wengine wamepanda ukuta. Mzee Minko akalitoa daftari kwenye kisanduku. Aliligeuza, akaona maandishi yangu nyuma, akaligeuza tena haraka kama aliyemfungulia mtu mlango wa bafu.

Akasoma. Lita nne hapa, lita tano kule. "Zorka amezungushwa uani mara tano, akalia niliposimama." Watu wakacheka. "Klachi ya marehemu Petko inateleza, Petko naye alikuwa hivyo hivyo." Wakacheka zaidi, na yule mwanamke wa Gabrovo akafuta macho. Kisha Mzee Minko akafika ukurasa wa mwisho. Niliona macho yake yakitangulia. Akanyanyua uso akaniangalia, akafunga daftari juu ya kidole.

"Na baada ya hapo," akasema, "ni mafuta tu."

"Soma," akasema Mama.

"Mama Vasilka, ni—"

"Desturi yenu ni mpaka neno la mwisho. Au mimi ndiye nisiyejua desturi? Soma."

Akasoma. Donka amenuna. Maji hakumwaga. Mchanga. Taratibu. Aone.

Nilikuwa nimeangalia chini. Nilisikia wanawake ukutani wakivuta pumzi kwa pamoja. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Si alisema alimwaga?"

Mama akainuka. Aliinuka vibaya, kwa kushika bega langu. Mkono wake haukuondoka begani alipokwisha simama.

"Ndoo ya shaba," akasema, "siku ile ilikuwa na miguu yangu ndani. Maji ya moto na chumvi, kwa ajili ya goti. Nilikuwa dirishani. Niliisikia imesimama getini, inangoja. Niliisikia. Nikajiambia, mkewe yupo, mimi naumwa. Sikuinuka. Jioni huyu akaniambia amemwaga kwa ndoo ya shaba, yote." Akawageukia wale wa ukutani. "Nikajua palepale. Nikafurahi, Mungu anihukumu. Nikaona sasa tumempata wa tatu wa kumlaumu, na hana mdomo."

Zorka peke yake aliuliza, "Nani hana mdomo?"

"Wewe unao wa kutosha," Mama akamwambia. Kisha akaniambia mimi, sasa akiniangalia, mara ya kwanza siku saba: "Nenda kapige."

Nilikwenda. Nikasukuma mpaka ikagoma, nikashusha uzito wote. Haikusema kitu. Kimya. Mzee Minko aliangalia viatu vyake. Yule wa Gabrovo alikuwa tayari anaikagua taa ya padri kwa macho, nilimwona.

"Kidole, mama!" Zorka akapiga kelele. "Hujalowanisha kidole!"

Kicheko kilipasuka uani. Nikabonyeza mpaka petroli ikanifika kwenye pete. Nikasukuma, ikagoma, nikaacha kufikiri.

Ikawaka.

Siwezi kuandika ilivyokuwa. Ilitetemeka chini ya mikono yangu kama mnyama aliyeamshwa ghafla, kisha ikatulia, mara mbili, ikasita, tena. Moshi wa samawati. Wote wanapiga makofi. Nikaondoa mikono, nikarudi nyuma hatua moja ili niione, na hapo kigari kikashuka kidogo upande wa ndani, springi zikalia, kama inavyokuwa mtu mzima akikaa. Hakuna aliyekuwa karibu nacho. Zorka alikuwa kwa bibi yake. Niliangalia kama kuna mwingine aliyeona. Mzee Minko alikuwa amevua kofia.

16 Juni

Asubuhi. Jua. Wamekwenda wote, uani kuna madoa saba ya oili na Mama hajayasugua.

Nimeandika jina langu mbele, chini ya lake, kama wanavyofanya: Donka, mwenye Tunja tangu 15 Juni. Mzee Minko amenipa mtihani uani jana, gia ya kwanza na ya pili, nikabomoa banda la kuku upande mmoja tu. Leo tunakwenda mpaka mtoni na kurudi. Mama amesema hawezi kufa bila kujua mwanawe alikuwa anakimbilia nini Jumapili zote zile. Amefunga kitambaa kichwani kwa mafundo mawili. Tayari amekaa ndani ya kigari na Zorka mapajani, tangu robo saa nzima, na ananiita kwa mara ya tatu, "Donka! Wewe msichana! Unaandika barua kwa askofu? Hiki kitu kinanibana makalio!"

Nakuja, Mama. Bado mstari mmoja. Usiku kucha nimefikiri nini niandike chini ya neno lake la mwisho, maana yeye aliniandikia na mimi sijamjibu. Sasa ninalo. Lyuben, siku ile uliposimama getini ukiniangalia, mimi nilikuwa nataka unipakie mimi.